Jina Aino lina maana gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, binti wa jirani zetu hapa Jinja, ambaye mama yake ni Mfini, anaitwa Aino. Je, jina hili lina uhusiano na neno letu "aina"? – Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, hakuna uhusiano wowote, ni mfanano wa sauti tu. Katika nyimbo za jadi za Kifini, "aino" lilikuwa neno la sifa lenye maana ya "wa pekee", na lilitumika kumtaja binti au dada asiye na mwenzake. Elias Lönnrot, daktari aliyezunguka vijijini akikusanya nyimbo hizo, ndiye aliyeligeuza neno hilo kuwa jina la mtu katika utenzi wa Kalevala, ambao toleo lake kamili lilitoka mwaka 1849. Humo Aino ni msichana aliyeahidiwa kuozwa kwa mzee Väinämöinen, naye akafa maji kuliko kukubali ndoa hiyo. Inashangaza kidogo kwamba wazazi walilipenda jina lenye kisa cha huzuni namna hiyo, lakini walilipenda kweli: mke wa mtunzi wa muziki Jean Sibelius, mwanamke aliyezaliwa mwaka 1871, aliitwa Aino, na nyumba yao ikaitwa Ainola.

Siku ya jina hili katika kalenda ya Kifini ni tarehe 10 Mei. Unapomwita binti huyo, kaza sauti mwanzoni, "AI-no", ingawa ulimi wetu wa Kiswahili utavutwa kutamka "a-I-no".