Mnaoanza kuunga betri za lithiamu, msiamini volti za jumla

Wadau mnaoingia kwenye betri za baiskeli na pikipiki za umeme, zoeeni kupima kila kundi la seli, jumla inadanganya mchana kweupe. Chukua ile ya 48V yenye makundi 13 ya seli yaliyoungwa mfululizo. Mita inasoma 52.0 unaona mbona iko poa, kumbe makundi 12 yako 4.05 na moja liko 3.40, sasa mteja akipanda kilima hilo moja ndo linawahi kudondoka, BMS (ile saketi ya kulinda betri) inakata, anarudi kwako analalamika BMS mbovu.

Hapo atatokea mjuaji aseme iruke tu hiyo BMS, chaja iende moja kwa moja. Usikubali hata ukiongezewa hela. Chaja haijui habari za seli, yenyewe kazi yake ni kufikisha 54.6 basi, kwahiyo kundi moja likibaki nyuma kwenye 3.6, ile 51.0 iliyobaki yanagawana yale 12, piga hesabu, kila moja 4.25, na mwisho wa hizi seli ni 4.20. Pengine siku hiyo hakitatokea kitu, na ndo maana watu wanajiona wajanja mpaka usiku mmoja iwake ikiwa kwenye chaji ndani ya nyumba.

Halafu kubalansi, yaani kusawazisha volti za makundi, watu wanasubiri miujiza. BMS nyingi za bei ya kawaida zinachoma kilichozidi kwenye rizista, miliampia 50 hivi, tena mara nyingi betri ikikaribia kujaa tu. Tofauti ikiwa ampia-saa 1 ni masaa 20 hayo! Mi kundi lililoachwa mbali nalichaji peke yake kwa chaja ya seli moja, naiacha betri siku kadhaa, napima tena. Likishuka lenyewe, achana na kubalansi, humo kuna seli inakula chaji za wenzake, tenganisha upime mojamoja. Niliyoikuta chini ya 2V siiamshi.

Na seli za 18650 (zile za mviringo kama betri za tochi) mwili wote ni hasi mpaka begani pale karibu na chanya, plastiki ikichubuka tu ni shoti, kwahiyo weka zile pete za karatasi kabla hujachomelea nikeli. Waya za balansi zipime KABLA ya kuchomeka kwenye BMS: mita nyeusi kwenye hasi kuu, nyekundu ipite pini kwa pini, seli zikiwa 3.7 utaona 3.7, 7.4, 11.1 inapanda hivyohivyo, ikiruka au ikijirudia kuna waya umekaa sipo.