Mashine ikinikataa nataka kujua kwa nini

Swali la wiki hii linauliza sera ya akili mnemba (AI) ianzie wapi ili mtu wa kawaida naye apate nafasi. Naona wenzangu wengi wamejibu mafunzo, wengine wamesema simu za bei nafuu na intaneti, sibishani nao, ila kwangu kuna kitu kinatangulia. Mtu akikataliwa na mashine aambiwe kwa nini, na awepo binadamu wa kuliangalia upya mwenye uwezo wa kubadilisha jibu. Basi. Hayo mengine yafuate.

Hili limenitokea mwenyewe ndo maana nalishikia bango. Kuna kazi niliomba mwaka jana, nikatuma maombi kwenye mtandao wao saa tano usiku, nikachomeka simu chaji nikaenda kupiga mswaki, narudi nakuta imeili, "tunasikitika kukujulisha". Saa tano usiku! Ofisi gani hiyo ina mtu amekaa anasoma CV saa hizo? Nikameza. Wiki kadhaa baadaye jamaa mmoja mtundu wa kompyuta akaniambia hebu nakili maandishi yote ya hiyo CV uyabandike kwenye notipadi, ile programu ya maandishi matupu, tuone. Nilichoka. Mi nilikuwa nimeipanga safu mbili, elimu kushoto na kazi kulia, naiona imependeza kweli, kumbe kuna programu za kuchuja waombaji zinasoma mstari mzima toka kushoto mpaka kulia bila kujali safu, kwa hiyo ikatoka "Stashahada ya uhasibu karani wa stoo 2014 2019 wadhamini", mkorogo mtupu, miaka yangu tisa ya kazi haionekani. Inawezekana ndo ilinikatisha, inawezekana siyo, na uchungu wenyewe ndo huo, sina pa kuuliza manake chini ya imeili wameandika usijibu ujumbe huu.

Sasa msije mkafikiri ni mambo ya CV tu. Australia serikali yao iliweka mfumo wa kudai watu hela za ruzuku walizozidishiwa, ukaja kujulikana kama Robodebt. Angalieni ulivyokuwa unapiga hesabu. Tuseme mtu kafanya kazi nusu mwaka akapata dola 13,000, halafu kazi ikaisha ndo akaenda kuomba msaada, kihalali kabisa. Kompyuta inachukua zile 13,000 inazigawa kwa vipindi 26 vya wiki mbili mbili vya mwaka mzima, inaona huyu kila wiki mbili alikuwa anaingiza 500, hata ile miezi hakuwa na kitu! Basi anaandikiwa deni, na mzigo wa kuthibitisha kwamba hadaiwi ni wake yeye, akatafute karatasi za mshahara za miaka iliyopita kwa mwajiri ambaye labda ameshafunga. Ule ugawaji hata siyo akili mnemba, ni hesabu ya darasa la nne, lakini uliendelea mpaka 2019 ndo ukasimama, na tume ya uchunguzi ikatoa ripoti yake 2023. Uholanzi nako mamlaka ya kodi iliwasakama maelfu ya wazazi waliokuwa wanapokea ruzuku ya malezi ya watoto, mfumo wa kupima nani ni hatari ulikuwa unaangalia mpaka kama mtu ni raia wa nchi gani, watu wakadaiwa mahela ya kufilisi familia. Serikali nzima ilijiuzulu Januari 2021.

Mnaona kitu? Kote kule wenye shida walikuwa wanalalamika toka mapema, ila ilikuwa vigumu kumpata mtu aseme ngoja, hapa mashine imekosea.

Sheria zimeanza kuja, tuwe wakweli. Ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kuwepo Agosti 2024 imeweka ajira, mikopo na ruzuku za serikali kwenye kundi la hatari kubwa, na kuna kifungu kinachompa mtu haki ya kuelezwa uamuzi ulifikiwaje. Jiji la New York toka 2023 mwajiri anayechuja watu kwa mashine anatakiwa ahakikishe imekaguliwa kama ina upendeleo na awaambie waombaji. Nzuri kwenye karatasi, ila kule New York mwajiri mwenyewe ndo anaanza kujipima kama sheria inamhusu, sasa hapo si umemwachia fisi bucha?

Kuna watakaosema kuweka watu wa kusikiliza malalamiko ni gharama. Jamani, mashine ilinunuliwa ili kuokoa mishahara ya wasomaji, sehemu ya hiyo hela iliyookolewa irudi imlipe mtu mmoja wa rufaa. Na asiwe wa kugonga muhuri tu eti mfumo umesema. Serikali ina fimbo nyepesi kabisa hapa, yenyewe ni mnunuzi mkubwa wa hii mifumo kwa kodi zetu, iandike kwenye mkataba kwamba mfumo usioweza kutoa sababu kwa lugha anayoielewa mwananchi haununuliwi. Haihitaji kusubiri bunge.

Mafunzo siyapingi. Finlandi walitengeneza kozi ya bure ya akili mnemba 2018, walianza wakitaka asilimia 1 ya wananchi wao waisome, sasa inasomwa na watu wa nchi kibao. Safi sana. Lakini nisome kozi, nipate cheti, halafu cheti chenyewe kikae safu ya kulia kisionekane?

CV yangu siku hizi ni safu moja, haina boksi haina picha, mbaya kuitazama. Juzi nimeituma sehemu nyingine saa nne asubuhi, makusudi, siku ya kazi watu wako ofisini. Jibu lilikuja baada ya dakika sita.