Ujinga si upumbavu

Ndugu, umeuliza kama "mjinga" na "mpumbavu" ni neno moja, maana yote mawili huku Lamu unayasikia yakitupiwa watu. Hapana, si moja. Mjinga ni asiyejua. Ndiyo maana tangu uhuru wa 1963 Kenya imekuwa ikisema inapiga vita ujinga, maradhi na umaskini, na ndiyo maana darasa la watu wazima, la ngumbaru, husemwa ni la kufuta ujinga. Hujasikia popote wakifuta upumbavu.

Kijana mmoja mgeni alifunga mashua gatini maji yakiwa yamejaa, akaiacha kamba fupi. Yalipokupwa, mashua ikabaki imening'inia omo (mbele yake) juu, tezi (nyuma yake) majini. Huo ulikuwa ujinga; nahodha akamwonyesha namna ya kulegeza kamba, yakaisha. Angerudia siku ya pili baada ya kuonyeshwa, hapo mzee yeyote pale gatini angesema: upumbavu.

Tazama na kitenzi chake, kupumbaa: kuduwaa, akili kuwapo isifanye kazi. Mtu hupumbazwa na mapenzi au na fedha, na alikuwa anajua.

Kwa hiyo chunga ulimi. "Mimi mjinga wa mambo haya, nielekeze" ni maneno ya adabu, hata mbele ya shehe utayasema. Lakini mtu mzima ukimwita mpumbavu umemtukana, na hapa mtaani utatakiwa uende ukamwombe radhi.