Mwenye nyumba anataka duka lake alitumie mwenyewe

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nimestaafu ualimu na nina ploti yenye maduka manne hapa Thika. Nataka duka la mbele nifungue biashara ya vifaa vya ujenzi. Mpangaji amekaa humo miaka minane, kodi analipa vizuri, na hatujawahi kuandikiana mkataba. Nilimpa barua ya mwezi mmoja, akasema haendi popote. Je, naweza kufunga duka kwa kufuli langu?

JIBU: Mwalimu, kufuli usiliguse. Ukilifunga leo, kesho mpangaji atakuwa mbele ya baraza la kesi za kodi za nyumba za biashara, lile wengi hulijua kwa herufi BPRT, na huenda akaondoka na amri ya kufunguliwa mlango. Hapo utakuwa umeharibu kesi ambayo ungeweza kuishinda.

Kwa kuwa hamna mkataba wa maandishi, upangaji huo unalindwa na sheria ya mwaka 1965 ya maduka, hoteli na nyumba za vyakula, Sura ya 301. Ulinzi huohuo hufunika hata mkataba ulioandikwa, mradi usizidi miaka mitano. Kwa hiyo barua yako ya mwezi mmoja haina nguvu. Notisi ni lazima iandikwe kwenye fomu rasmi, Fomu A, itaje sababu unayoitegemea, na imtake mpangaji akujibu kwa maandishi ndani ya mwezi mmoja kama anakubali au anakataa. Tarehe ya kuondoka isiwe chini ya miezi miwili tangu aipokee. Akiipokea tarehe 3 Machi, mimi ningeandika 1 Juni, siyo 3 Mei, ili pasiwe na ubishi wa siku. Mpe mkononi na asaini nakala. Akikataa kusaini, itume kwa rejista ya posta na utunze risiti.

Sababu yako imo katika kifungu cha 7(1)(g): kwamba wewe mwenyewe unakusudia kulitumia duka kwa biashara yako, au kama makazi yako, kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Yasome vizuri maneno “wewe mwenyewe”. Kama ukweli ni kwamba duka ni la kijana wako, ataendesha yeye na faida ni yake, usiandike kwamba ni lako. Utaulizwa kwa kiapo.

Mpangaji akipinga, ni lazima afungue shauri kabla ya tarehe iliyo kwenye notisi. Hapo mzigo wa kuthibitisha ni wako, na ndipo wenye nyumba wengi huangukia, kwa sababu huja na maneno matupu. Baraza halisomi moyo wako, linasoma makaratasi. Kesi ya Uingereza ya 1950, Cunliffe dhidi ya Goodman, ambayo mawakili wa Kenya huitegemea hadi leo, ilitenganisha wazo linaloelea kichwani na uamuzi uliokwisha kufanywa na unaotekelezeka. Kwa hiyo sajili jina la biashara sasa. Chukua bei za maandishi kutoka kwa wauzaji wa saruji na mabati, onyesha fedha za mtaji zilipo benki, na uulizie leseni ya kaunti.

Sasa nikuulize yale wakili wa mpangaji atakayokuuliza. Je, mwaka huu ulimwomba aongeze kodi akakataa? Je, kati ya maduka yako mengine matatu lipo lililo tupu? Kama jibu ni ndiyo, notisi yako itaonekana ni njia ya kumwondoa ili umwingize anayelipa zaidi. Lililo tupu litahitaji maelezo ya kweli: labda liko nyuma na lori la mchanga haliwezi kufika. Piga picha za njia hiyo. Ukishindwa, sheria inakuzuia kwa muda kurudi na notisi yenye hoja hiyohiyo, ndiyo maana nasisitiza maandalizi yatangulie.

Wakati huo endelea kupokea kodi na kutoa risiti, na usimkatie maji wala stima. Kama mpangaji hatafungua shauri na tarehe ikapita, bado asipotoka uombe amri ya kumwondoa, usitume vijana. Kabla ya kujaza Fomu A, niletee nakala ya ile barua ya kwanza pamoja na vitabu vya risiti za kodi, nione uliandika sababu gani.