Kaa nao, lakini uliza kilichochukuliwa

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa na shangazi yako, akaniambia swali hili lisijibiwe kwa simu, liandikiwe. Basi nakuandikia.

Umesema huko Minneapolis, kwenye maktaba ya mtaani kwenu, kuna kikao cha weusi, weupe na wahamiaji kuzungumza habari za ubaguzi wa rangi, na kwamba vikao hivi vimeshamiri tangu polisi alipomuua George Floyd Mei 2020. Ulikwenda, ukaona watu wanalia, wanashikana mikono, wanakunywa kahawa na kila mtu anarudi kwake. Ukaniuliza: "Mama, maneno haya yanafaa nini? Si haki kwanza, mazungumzo baadaye? Nyinyi Zanzibar mlikaa mkazungumza, mlipata nini?"

Tulipata kitu kikubwa, mwanangu, na sehemu yake tukaipoteza. Nataka uyajue yote mawili kabla hujaamua kurudi au kutorudi kwenye kile kikao.

Wewe umekulia Unguja wakati mambo yameshaanza kupoa, hukuiona Pemba ya baada ya uchaguzi wa 1995. Mimi nilikuwa nasomesha Wete. Tuligawana kila kitu: duka la huyu si la yule, gari la abiria la huyu yule halipandi, arusi haziendewi. Tuligawana hata maiti. Alikufa jirani yetu aliyekuwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, mtu wa chama tawala, na jeneza likakosa mabega ya kutosha ya kulibeba, katika mji ambao mazishi ya mtu yeyote humwaga watu barabarani. Na upande wa pili, watu wa upinzani, nao walikuwa na yao: walimu waliofukuzwa kazi, vijana waliolala rumande bila kesi. Januari 2001 askari walipiga risasi waandamanaji, wakafa watu zaidi ya 30, na wengine zaidi ya elfu mbili wakavuka bahari kwa majahazi na ngarawa kukimbilia Shimoni, Kenya. Wakimbizi kutoka Zanzibar! Sisi tuliozoea kupokea wakimbizi wa wenzetu.

Watu wa nje wakiandika habari hizi husema ni ugomvi wa vyama. Chini yake ulikuwa ugomvi wa asili: nani mwenyeji, nani mgeni, nani alikuwa bwana na nani mtumwa. Mtu akikasirika alikuwa hasemi "wewe wa chama fulani", alikuwa anasema "Hizbu wewe, rudi kwenu Oman", Hizbu ni kile chama cha zamani kilichoitwa cha Waarabu, na mwenziwe anamjibu "rudi kwenu bara ulikotoka". Wote wawili wamezaliwa hospitali moja.

Na usidhani chuki hii tumezaliwa nayo. Kuna mikono iliyoilea. Utumwa ulikuwepo kweli, soko la watumwa la Mkunazini likafungwa 1873, na sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe ikaja 1897. Waingereza wakatawala kwa kutuhesabu: Mwarabu, Mhindi, Mwafrika, kila mmoja na daraja lake. Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata chakula cha mgao kilitolewa kwa rangi. Waliohesabiwa Waarabu na Wahindi walipewa mchele, waliohesabiwa Waafrika wakapewa mahindi. Babu yako mzaa mama alikuwa akitueleza jinsi watu wa nyumba moja walivyopanga foleni mbili, kwa sababu mmoja aliandikwa hivi na nduguye akaandikwa vile. Ilipofika zama za siasa, yale madaraja ya kwenye karatasi yakawa vyama. Juni 1961 wakauawa watu 68 katika fujo za uchaguzi, wengi wao Waarabu. Kisha yakaja Mapinduzi ya Januari 1964 yaliyoiangusha serikali ya Sultani, na maelfu waliuawa. Serikali mpya ikataifisha ardhi, wakulima wakagaiwa eka tatu tatu. Nyumba moja inaikumbuka siku hiyo kuwa siku ya kupata shamba kwa mara ya kwanza tangu dunia iumbwe, ya pili yake inaikumbuka kuwa siku baba alipotolewa mlangoni asirudi. Na zote mbili zinasema kweli.

Hapa ndipo penye jibu langu. Kwetu kila upande huanza hadithi pale palipomuuma. Mmoja anaanza Mkunazini, mwengine anaanza Januari 1964, na kila mmoja akifika pale mwenziwe anapoanzia, ananyamaza. Mazungumzo yanayofaa ni yale yanayokulazimisha usikilize mwanzo wa mwenzio mpaka mwisho.

Novemba 5, 2009, Rais wa Zanzibar wa wakati ule, Amani Karume, na kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, walikutana Ikulu, wao wawili, hakuna mzungu wala mpatanishi kutoka nje. Muafaka wa 1999 na wa 2001, yale makubaliano ya vyama viwili, ilikuwa imeshavunjika, wengi wetu tulikuwa tumechoka na neno lenyewe. Safari hii iliundwa kamati ya watu sita, watatu kila upande, chini ya Mzee Hassan Nassor Moyo, ambaye alikuwa waziri katika serikali ya Mapinduzi. Zingatia hilo: Karume mwenyewe ni mtoto wa rais wa Mapinduzi, na Mzee Moyo alikuwa mzee wa Mapinduzi. Waliokuwa na cha kulinda ndio waliofungua mlango. Julai 31, 2010 tukapiga kura ya maoni, asilimia 66 tukasema ndiyo. Katiba ikabadilishwa: chama cha pili kitoe Makamu wa Kwanza wa Rais na mawaziri. Uchaguzi wa Oktoba mwaka ule ulikuwa wa kwanza tangu 1995 ambao sikuficha unga na mafuta ya taa chini ya kitanda.

Lakini mimi nataka nikwambie habari ya ua wa bi mkubwa mmoja pale Wete, mwaka ule ule, tunachagua mchele wa khitma. Tulikuwa wanawake wa pande zote, jambo ambalo miaka mitano nyuma lisingewezekana. Mmoja akasema, kwa nia njema tu, kwamba maisha kabla ya Mapinduzi yalikuwa mazuri. Bibi mmoja akaweka ungo chini. "Mazuri kwa nani?" Akaeleza kuwa bibi yake alikuwa mtumwa katika shamba la karafuu, na hakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya mwenye shamba, hata alipozeeka na utumwa umeshakwisha alikuwa akivivua kwa mazoea akipita nyumba ile. Kimya. Kisha yule wa kwanza, ambaye watu wake ni wa asili ya Kimanga, Waarabu wa Oman, akasema kaka yake alikuwa na miaka 19, ana kiduka shamba huko Unguja, Januari 1964 alichukuliwa na kaburi lake hawalijui. "Naye alimmiliki nani?"

Nilidhani tutagombana. Yule bibi mwenye ungo akauliza: "Kaka yako jina lake nani?" Akatajiwa. Akasema, "Basi leo atajwe." Na mwenziwe akasema, "Na bibi yako pia." Jioni ile mwalimu aliposoma majina ya marehemu wanaoombewa, yale mawili yalisomwa pamoja. Hawakukubaliana kuhusu Mapinduzi, hata leo hawakubaliani. Ila nimewaona wakizikana.

Sasa na tulichopoteza. Yale ya uani hayakuwa na pa kwenda. Viongozi walipatana kugawana serikali, na ilikuwa lazima, nami nawashukuru. Lakini hakikuundwa chombo cha kusikiliza mama aliyefiwa na kaka, wala cha kuhesabu mashamba, wala aliyefyatua risasi 2001 hakusimama mbele ya hakimu. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliufuta uchaguzi mzima, upinzani ukasusia marudio ya Machi 2016, na maneno ya "rudi kwenu" yakarudi vijiweni ndani ya wiki. Mwisho wa 2020, baada ya uchaguzi mwengine wa damu, Maalim Seif akakubali tena kuwa Makamu wa Kwanza chini ya Rais Hussein Mwinyi. Wenzake wengi walimlaumu. Mimi sikumlaumu. Alifariki Februari 2021.

Afrika Kusini nao waliwaita waliodhulumiwa waseme mbele ya dunia nzima, chini ya Askofu Tutu, wakalia wakasikilizwa. Tume yake ya Ukweli na Maridhiano ikapendekeza walipwe. 2003 serikali ikawapa randi 30,000 kila mmoja, mara moja tu, chini ya ilivyopendekezwa. Naona haya kwa niaba ya waliowatoa machozi yao hadharani kisha wakawapa kile.

Kwa hiyo unapouliza haki kwanza au mazungumzo kwanza, mimi siwezi kuvitenganisha. Asiyesikilizwa hawezi hata kusema amedhulumiwa nini, na anayesikilizwa bila kurudishiwa kitu ameongezewa dhulma.

Ukirudi kwenye kikao, usiende kama mdhulumiwa mtupu. Najua ukitembea barabarani huko polisi haangalii pasipoti, anaona mweusi, na moyo wangu haulali. Lakini babu za weusi wa huko walilimishwa pamba, wako hawakulimishwa. Usiwasemee. Na waambie wazi kwamba upande wa baba yako wamo waliomiliki watu, na upande wangu wamo waliomilikiwa. Mmarekani mweupe anayeogopa kuitaja historia ya kwao atakuona wewe umetaja ya kwenu na umebaki umekaa kitini.

Halafu ile hati. Umenieleza kwamba nyumba unayopanga ina hati ya zamani iliyokataza isiuzwe wala kukaliwa na mtu mweusi, na kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wamekuta maelfu ya hati kama hizo jijini. Sisi karatasi zilitugawia mchele na mahindi, nyinyi zikawagawia mitaa, na nyumba ndiyo mali anayomwachia mtu mwanawe. Chukua nakala, ipeleke kikaoni, isomwe kwa sauti na mtu mweupe. Kisha muulizane: walionyimwa mtaa ule walikwenda kukaa wapi, nyumba zile leo zina thamani gani, na jiji linaweza kufanya nini kwa wajukuu wao. Wakikubali kuisoma na kuipeleka mbele ya halmashauri ya jiji, kaa nao hata kama itachukua miaka. Wakisema inaharibu hali ya kikao, washukuru kwa kahawa, na jioni zako uzipeleke kwenye hiyo halmashauri peke yako.

Shangazi yako anakusalimu, anauliza kama lile koti la baridi limekutosha. Niandikie kikao kikipita.

Mama yako,
Mtoni, Unguja