Bibi, Je, Watumishi wa Majumba ya Kiingereza Walikuwa Kama Familia?

SWALI: Shikamoo Bibi. Kwenye filamu za zama za Malkia Victoria naona watumishi wa yale majumba makubwa ya mashambani wamevaa nadhifu, wanacheka mezani kwao, wanaishi na matajiri kama ndugu. Ndivyo ilivyokuwa kweli? Na mtumishi aliweza kupanda cheo?
– Msomaji wako

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hizo nguo nadhifu ni za mchana. Alfajiri msichana wa usafi alikuwa na gauni la kitambaa cha bei nafuu, kapiga magoti mbele ya meko, anazoa majivu ya jana na kusugua vyuma mpaka ving'ae, ili moto uwe umewaka kabla tajiri hajaamka. Kisha abebe maji ya moto kwa ngazi za nyuma, ashuke na vyungu vya haja. Filamu hazipendi sana vyungu. Lile gauni jeusi la mchana, mara nyingi alijinunulia mwenyewe.

Mshahara ulihesabiwa kwa mwaka. Mwongozo mmoja wa mambo ya nyumbani wa mwaka 1861 ulitaja pauni 5 hadi 9 kwa msichana wa kuosha masufuria, na pauni 20 hadi 45 kwa msimamizi wa nyumba. Kula na kulala ni juu ya mwajiri, na kwa binti wa kibarua wa shamba hilo halikuwa jambo dogo. Ila alipoondoka alihitaji barua ya kumsifu kwa mwajiri mwingine, na sheria haikumlazimisha bwana kuiandika. Kwa maoni yangu, barua hiyo ilimfunga mtu mdomo kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu undugu: katika nyumba nyingi kijana wa kuhudumia mezani aliitwa John au James, hata kama mama yake alimpa jina jingine, ili bwana asihangaike kukariri. Ndugu gani hao? Nao watumishi walibaguana wao kwa wao. Katika majumba makubwa, nyama ikishaliwa, wakubwa waliinuka wakaenda kumalizia vitamu chumbani kwa msimamizi, wadogo wakabaki na benchi lao.

Swali la cheo ndilo tamu, na nyumba ya kulijibu ni Uppark, huko Sussex. Ina njia za chini ya ardhi kati ya nyumba kuu, jiko na mabanda ya farasi. Chakula kilipita chini, wageni wakastarehe juu. Mwaka 1825 mwenye nyumba, Sir Harry Fetherstonhaugh, akiwa amepita miaka 70, alimuoa Mary Ann Bullock, msichana aliyeshughulika na maziwa na siagi. Fikiria minong'ono ya jikoni siku hiyo! Alipokufa mwaka 1846 alimwachia kila kitu, na Mary Ann naye akamrithisha mdogo wake, Frances.

Nyumbani humo alikuwapo pia Sarah, mtumishi wa chumbani, aliyeolewa na mtunza bustani, Joseph Wells. Walifungua duka, duka likayumba, mume akavunjika mguu. Mwaka 1880 Sarah akarudi Uppark kuwa msimamizi wa nyumba, akamwacha mumewe dukani. Mwanawe, ambaye baadaye ndiye mwandishi H. G. Wells, alikuwa akija kumtembelea na kusoma vitabu vya maktaba ya humo.

Kwa hiyo ndiyo, cheo kilipandwa: Sarah alishika funguo na kuwaamrisha wasichana. Pensheni haikuwamo. Uzee ulipoingia na masikio yakawa mazito, mwaka 1893 aliachishwa kazi. Aliyemwachisha ni Frances, dada wa yule msichana wa siagi.