Jibu: Pikapu ya dizeli inakosa nguvu baada ya kuweka dizeli ya mbono

Salama ndugu. Umesema gari lilikwenda vizuri wiki mbili kwa dizeli ya mbono (inayotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za mbono), kisha likaanza kuchoka mlimani. Anza na filta ya dizeli. Mafuta haya huyeyusha uchafu wa miaka uliogandia kwenye tenki na kuupeleka huko. Mimi nilibadilisha filta mbili ndani ya mwezi mmoja, gari likatulia. Kagua na mipira ya mafuta, ya zamani huvimba na kuvuja.

Ila muulize aliyekuuzia: ni dizeli kweli, au mafuta mabichi ya mbono yaliyochujwa tu? Hayo ni mazito, huziba nozeli (vinavyonyunyizia dizeli ndani ya injini), acha mara moja.

Mimi nachanganya asilimia 20 ya dizeli ya mbono na 80 ya dizeli ya kawaida. Ulaji umepanda kidogo, lakini moshi mweusi umepungua sana.